Miguu Iliyomtangulia Mwenyewe

Kila kocha wa watoto anamjua kijana huyu. Akiwa na miaka 12 alikuwa mwepesi, chenga zake zikiwalaza mabeki, mpira umemganda mguuni. Sasa ana 14. Likizo moja tu karefuka mpaka suruali ya shule imepanda juu ya kifundo, na kila akigusa mpira unamponyoka. Benchi linanong'ona: huyu kaisha, kaanza wasichana.

Hajaisha. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 13 au 14. Wasichana huwatangulia kwa takriban miaka miwili. Nyayo huanza, miguu ikafuata, kiwiliwili kikaja mwisho. Mifupa inakua kabla misuli haijapata nguvu ya kuiendesha, na ubongo bado unapiga hesabu za mwili wa mwaka jana. Wengine huumwa chini ya goti, pale kano inaposhika ugoko. Huyo apunguziwe mbio na miruko. Kumwambia akaze roho ni kumwongezea maumivu.

Ila kinachonikera zaidi ni uchaguzi wa wachezaji. Waliozaliwa Januari na Desemba hupangwa umri mmoja, ilhali wamepishana karibu mwaka mzima, na hata waliozaliwa siku moja huweza kupishana sana katika kubalehe. Kocha anayetaka kombe la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, humchukua mwenye ndevu, akadhani kachukua kipaji. (Vyeti vya kuzaliwa vya kupikwa nimeviweka kando makusudi.) Sheffield Wednesday ilimwacha Jamie Vardy akiwa na miaka 16 kwa sababu ya ufupi, lakini mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa Uingereza na Leicester.

Akademia za huko zimejaribu kuwachezesha watoto kwa kiwango cha kukomaa mwili badala ya umri, zikikadiria kimo cha utu uzima kwa kutazama pia urefu wa wazazi. Sisi tuanze na futi ya fundi cherehani, ukuta na daftari. Mpime kila miezi mitatu. Akirefuka ghafla, mrudishe kwenye danadana na mazoezi ya kusimama mguu mmoja, na baba yake aelezwe sababu.

Kabla hujabandika orodha ya safari hii, andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina. Kisha hesabu wa Oktoba, Novemba na Desemba wako wangapi.