Saratani ya Kaposi: Matumaini ya maabara yasisahaulishe dawa za zahanati

WATAALAMU wa saratani duniani wanazidi kuvutiwa na wazo la kuuangamiza uvimbe kwa kuunyima chakula. Hata hivyo, kwa wakazi wa Homa Bay na Migori, silaha ya kwanza dhidi ya saratani inayoshambulia ngozi ingali kwenye rafu ya zahanati.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alibaini kuwa seli za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli za kawaida. Mwaka wa 2005, madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliopandikizwa figo kisha wakaugua saratani ya Kaposi. Walipobadilishiwa dawa na kupewa sirolimasi, ambayo huvuruga jinsi seli zinavyotumia lishe ili kukua, madoa yao yote ya ngozi yalitoweka katika miezi mitatu.

Kaposi ndiyo hasa inayozihusu kaunti hizi mbili za kando ya Ziwa Victoria. Huletwa na kirusi cha jamii ya hepesi kilichotambuliwa 1994, na hushamiri kinga ya mwili inapoporomoshwa na Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 20 kati ya kila 100 katika Homa Bay, na 13 katika Migori, waliishi na virusi vya Ukimwi.

Kwa wagonjwa hawa sirolimasi si jibu rahisi, kwani hudhoofisha kinga na kugongana na baadhi ya dawa za Ukimwi. Dawa za kupunguza makali, kinyume chake, huirejesha kinga, na mara nyingi madoa hufifia. Kwa ugonjwa uliokithiri, utafiti ulioihusisha Kenya na kuchapishwa 2020 ulionyesha kuwa paklitakseli, ikiandamana na dawa hizo, ilishinda tiba mbili zilizolinganishwa nayo.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, ilidhihirika jinsi huduma za Ukimwi zilivyotegemea mfuko wa wengine. Mgonjwa anayekatiziwa dawa hufunguliwa mlango wa Kaposi.

Utafiti wa maabara na uendelee. Lakini serikali ya kitaifa na za kaunti hazina budi kutenga pesa za dawa, na kuwafunza wahudumu kutambua mapema doa jeusi au la zambarau mguuni au kinywani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.