Wabeba boksi na alama za krediti: tuache kuazimana majina



Kuna jambo linazungumzwa chini chini kwenye misiba na harusi zetu hapa Marekani, nasi tumeona leo tuliseme hadharani. Watu wazima, wenye kazi mbili, wasiokunywa wala kuvuta, wananyimwa nyumba ya kupanga au wanauziwa gari kwa riba ya kutisha kwa sababu ya namba moja tu: alama za krediti.

Kwa wale wa nyumbani, alama zinazotumika zaidi huitwa FICO, na huanzia 300 hadi 850. Hutokana na kumbukumbu za madeni zinazotunzwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Haziulizi mshahara wako, wala kama ulikuwa meneja Dar au mwalimu mkuu Kisumu. Asilimia 35 ni kulipa kwa wakati, 30 ni kiasi unachodaiwa, na zilizobaki ni umri wa akaunti, maombi mapya ya mkopo na aina za mikopo.

Na hii ni hela, si sifa. Chukua mkopo wa gari wa dola 20,000 kwa miaka mitano. Kwa riba ya asilimia 6 utalipa kama dola 387 kwa mwezi. Kwa asilimia 18 utalipa 508. Mpaka unamaliza, umetoa zaidi ya dola 7,200 za ziada kwa gari lile lile! Hela hizo zingepandisha boma Mbagala mpaka kwenye lenta.

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu hatuharibiwi na anasa, tunaharibiwa na undugu. Simu inalia usiku, mama amelazwa, mshahara wote unakwenda nyumbani na bili ya kadi inasubiri. Hatumlaumu mtu kwa hilo, sote tumelifanya. Lakini malipo ya kuchelewa kwa kawaida huripotiwa yakipitisha siku 30, na yakishaandikwa hukaa miaka saba. Kile kiwango cha chini cha kulipa mara nyingi ni dola 25 au 35 tu. Mama angetumiwa 275 badala ya 300, asingejua tofauti. Wengine hutuma hela nyumbani kwa kadi yenyewe ya krediti, na hapo mara nyingi benki huhesabu kama umekopa taslimu: ada juu, na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Lingine linalotupiga chenga ni hili. Una kadi ya dola 500, unatumia 450, unalipa zote kila mwezi, halafu unashangaa alama hazipandi. Kwa kawaida kampuni huripoti deni lililopo siku bili inapotoka, kwa hiyo unaonekana mtu aliyebanwa shingoni. Lipa kabla bili haijatoka. Na kadi ya zamani isiyo na ada usiifunge kwa hasira.

Halafu kuna upatu. Tunacheza miaka kumi bila mtu kuruka zamu, nidhamu ambayo benki yoyote ingeitamani, na hakuna hata senti moja ya upatu huo inayoonekana kwa kampuni zile tatu. Hapo mfumo wa wenzetu hauoni mbali, tunasema wazi.

Lakini kubwa lililotufanya tuandike ni kuazimana majina. Mmoja wetu hapa, mwaka wake wa tatu huku, alimsainia mwenzake wa mtaa mmoja huko nyumbani mkopo wa gari. "Kaka, ni saini tu," aliambiwa. Mwenzake akahamia jimbo jingine, simu ikawa haipokelewi, na malipo matatu yakapita. Barua zilikuja kwa aliyesaini. Ukisaini, deni ni lako sawasawa na la mwenye gari. Urafiki ulikufa, na nyumba aliyotaka kununua aliisubiri miaka mingi.

Vyama vyetu vya Watanzania na Wakenya vinajua kuandaa sherehe za Uhuru, vinashindwaje kuwatengea wageni saa moja ya kuwaonyesha haya? Wafundishwe hata kuingia annualcreditreport.com, ambako ripoti za kampuni zote tatu hutolewa bure kila wiki. Kujiangalia mwenyewe hakupunguzi alama.

Na sisi tulioombwa saini, tuna njia nyingine. Zipo kadi za kuweka dhamana: unaweka labda dola 200, benki inakupa kadi ya kiwango hicho hicho, na malipo yanaripotiwa kwa jina lako. Ndugu akija na makaratasi ya gari, tumkatalie saini kwa heshima, tumkopeshe hizo 200, tumsindikize benki akafungue ya kwake.