Wateja wa baa tuulize umri wa anayetuhudumia

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu ya barua za wasomaji wa gazeti lako ili nami nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni kwa miezi kadhaa sasa. Linatuhusu sisi wananchi tunaokula na kunywa katika migahawa na baa za mjini, na hasa hapa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kila mwisho wa mwezi huja Kashaulili kwa shughuli za benki na kununua mahitaji ya nyumbani, na kwa kuwa usafiri wa kurudi kijijini jioni ni wa shida, mara nyingi hulala mjini. Kwa hiyo nazifahamu meza za mji huu. Asubuhi nakunywa supu na chapati, mchana nakula kwa mama lishe wali na maharage, au ugali na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika, na jioni nakaa na walimu wenzangu kwenye baa tukizungumza ya kazini na ya duniani.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwahubiria watu waache kunywa, wala sisemi baa zifungwe. Mpanda ni mji wa wasafiri tangu reli ya tawi kutoka Kaliua ilipofikishwa hapa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960, lakini garimoshi liliendelea kuleta abiria, na abiria lazima ale. Siku hizi mabasi nayo yanapita kwenye lami kutoka Tabora. Migahawa na baa zimewapa kazi watu wengi, zinamnunulia mkulima mchele wake na mvuvi samaki wake, na zinalipa ushuru wa halmashauri. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima ana haki ya kukaa kitini akaletewa sahani ya moto na chupa ya baridi. Ninachouliza ni kimoja tu: anayetuletea ni nani, na ana umri gani?

Jioni moja tulikuwa walimu wanne mezani. Tuliagiza bia na mishikaki. Akaja binti na chupa nne kwenye sinia, akaziweka, akaniangalia, kisha akapiga goti kidogo kama tulivyowazoesha shuleni na kusema, "Shikamoo mwalimu." Wenzangu wakacheka sana. Mimi nikaitikia marahaba na sauti ikanikwama. Nilimfundisha binti yule hesabu kuanzia darasa la tano hadi la saba. Alimaliza mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ile, na jina lake lipo kwenye daftari langu la mahudhurio pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa na miaka 15.

Ndugu Mhariri, nyani haoni kundule, na mimi leo naomba nilione la kwangu. Sikusimama. Sikumwita mwenye baa. Nilikunywa bia yangu, nikalipa, nikamwachia chenji, nikajiona nimemsaidia. Kabla ya kuondoka nilimuuliza kwa nini hakwenda sekondari, maana nilijua alichaguliwa. Akanijibu kwamba ada haikuwa tatizo, bali shule iko mbali na kwao, na mama yake hakuweza kumnunulia sare na madaftari, kumpangishia chumba karibu na shule na kumpa chakula cha kila wiki. Ndipo akatokea mama mmoja kijijini akamwambia mjini kuna kazi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwenye baa ile nikiwa nimedhamiria kusema. Sikumkuta. Mwenzake akaniambia ameondoka na hajulikani alikokwenda. Mahali pake palikuwa na binti mwingine, na huyo naye sura yake ilikuwa ya mtoto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kazi hii inavyokwenda, na niliyoambiwa na wahudumu wenyewe katika baa mbalimbali yanasikitisha. Mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa hesabu yake mwenyewe. Mteja akiondoka bila kulipa, anayelipa ni mhudumu. Chupa ikivunjika, anakatwa. Mteja akidai amedhulumiwa chenji, anakatwa tena. Wengine hulala chumba cha nyuma ya baa, na chumba hicho nacho huhesabiwa kuwa sehemu ya malipo. Mwisho wa mwezi kinachobaki mkononi ni kidogo mno, hivyo binti huishi kwa kutegemea chenji za wateja. Na mteja wa usiku, ndugu wasomaji, hatoi chenji zake bure. Huyo humwambia binti aketi, kisha amnunulie bia, halafu amuulize anafunga kazi saa ngapi. Mtu mzima anaweza kumjibu mteja wa namna hiyo akamweka mahali pake. Mtoto wa miaka 15 mwenye deni la bia tatu kaunta atajibu nini?

Sheria si kwamba hazipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na baa si mahali pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na yule wa miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Nani atasimama mbele ya watu aseme kubeba bia mpaka usiku wa manane katikati ya walevi ni kazi nyepesi? Hata mshahara umewekewa kiwango. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, na tangu hapo kiwango hicho kimepandishwa. Ni wahudumu wangapi wa mji wetu wanaokijua, achilia mbali kukipata?

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu wa Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Hapakuwa na mkoa uliotuzidi, na wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, lakini bado tulikuwa juu ya wastani wa taifa. Sisemi kwamba mimba hizo zote zilitoka baa. Nasema kwamba mkoa wenye hesabu ya namna hiyo hauwezi kuona mtoto wa shule akigawa bia usiku, ukaendelea kutafuna mishikaki.

Najua wapo watakaonijibu kwamba binti yule anamsaidia mama yake, na kwamba ni heri awe kazini kuliko kukaa bure nyumbani. Hoja hii siidharau, kwa sababu umaskini wa wazazi wa wanafunzi wangu nauona kila siku. Lakini mbona kuna tofauti kubwa kati ya kazi na kazi? Kwa mama lishe ninapokula mchana, mwanawe huja baada ya masomo na siku za mapumziko, akaosha sahani na kupeleka maji mezani, na giza likiingia yuko nyumbani na daftari lake. Huyo anajifunza kazi machoni pa mzazi wake. Yule wa baa hana mzazi pale. Ana mwenye mali na wateja basi. Na fedha anayotumwa kuitafuta mara nyingi haifiki kwa mama. Kinachofika baada ya mwaka ni mjukuu.

Wengine watasema haya mambo ya baa hayarekebishiki. Si kweli. Tunakumbuka pombe ya viroba ilivyotapakaa nchi nzima, hata watoto wakawa wanakwenda nayo mfukoni. Serikali ilipopiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, viroba viliondoka madukani. Penye nia pana njia.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yangu machache. Kwanza, wenye baa wasimwajiri mtu yeyote bila kuhakikisha umri wake. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18. Asiyekuwa nacho alete cheti cha kuzaliwa au barua ya mtendaji wa kijiji chake. Wawape wahudumu mikataba ya maandishi, na waache mtindo wa kumlipisha mhudumu bili ya mteja aliyetoroka. Hasara ya biashara ni ya mwenye biashara.

Pili, wakubwa wanaotoa leseni za vileo wasiangalie choo na ukubwa wa ukumbi peke yake. Leseni inapohuishwa, waombe orodha ya wahudumu na umri wao, na maofisa wa ustawi wa jamii wapite usiku, maana wakipita saa nne asubuhi watakuta mtu anafagia tu.

Tatu, sisi walimu tusihesabu kazi yetu imekwisha siku matokeo ya darasa la saba yanapobandikwa. Kila shule ya msingi ina orodha ya waliochaguliwa, na kila sekondari inajua nani hakuripoti. Orodha hizo mbili zikilinganishwa mapema kabla mwezi wa kwanza wa masomo haujaisha, serikali ya kijiji itajua nyumba ya kwenda kubisha hodi. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 imeondoa ada ya sekondari, lakini sare, chakula na mahali pa kulala bado ni mzigo wa mzazi. Vijiji vyetu vijitahidi kujenga hosteli, hata za matofali ya kuchoma, ili binti asipange chumba peke yake mjini.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, sisi wateja. Biashara huishi kwa mteja. Siku ambayo walimu, manesi, madereva na wafanyabiashara wa Mpanda watakataa kuhudumiwa na mtoto, wakainuka na kuhamia baa nyingine, mwenye baa atatafuta mtu mzima kabla hajaletewa barua na ofisi yoyote. Na ukimwona mtoto katika hali hiyo, piga namba 116 ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa mtendaji wa mtaa. Usifanye kama nilivyofanya mimi, ukamwachia chenji na kwenda kulala.

Tangu wakati ule bado nakunywa, Ndugu Mhariri, lakini nauliza kwanza. Wenzangu wamenibatiza jina la "Ofisa Elimu wa Baa". Nimelikubali. Ninalolingoja sasa ni siku nitakayomkuta binti yule mahali pengine na kuambiwa tena shikamoo mwalimu, nami niweze kuitikia bila kuinamisha macho.

Wako katika kulijenga taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Mpanda, Katavi.