Mama Asiye na Mshahara Naye Ajaze Fomu ya Kodi

Ndugu zangu mlioko Kanada, hasa ninyi ambao mshahara wa mtu mmoja ndio unaolisha nyumba nzima, naomba mnisikilize kabla ya tarehe 30 Aprili kufika.

Oktoba iliyopita nilikaribishwa chai kwa jirani hapa Winnipeg. Baba anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mama yuko nyumbani na watoto wawili, mmoja ana miaka 4 na mwingine 9. Watu hawa pesa wanaiheshimu. Daftari la mtoto limepigwa mistari: pango, umeme, basi, chakula, simu, ya bibi kijijini. Maharage hulowekwa Ijumaa usiku, Jumamosi yakachemshwa sufuria kubwa moja, yakagawanywa kwenye vikopo na kugandishwa. Makoti ya baridi walishayanunua mtumba mwezi wa Juni, jua likiwaka. Kwa kubana matumizi sikuwa na la kuwafundisha.

Lakini juu ya friji palikuwa na bahasha tatu za Canada Revenue Agency, mamlaka ya kodi, hazijafunguliwa. Pesa za watoto zilikuwa zimekoma tangu Julai, nao wakaamini serikali imewakata. Tulipozifungua tukaona sababu: baba alijaza fomu yake ya kodi ya mapato, mama hakujaza.

"Nijaze nini, na mimi sina mshahara?" akaniuliza. Swali hilo nimelisikia katika nyumba nyingi mno.

Pesa za watoto, yaani Canada Child Benefit iliyoanza mwaka 2016, hazikatwi kodi. Hupigwa hesabu kwa kuangalia mapato ya mume na mke ya mwaka uliotangulia, na hesabu mpya huanza kila Julai. Fomu ya mmoja ikikosekana, hesabu haipigiki na malipo yanasimama. Kwa hiyo mama asiyepata hata senti anajaza fomu, anaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani. Kwa mwaka wa malipo wa Julai 2025 hadi Juni 2026, familia ambayo mapato yake hayazidi dola 37,487 hulipwa hadi dola 7,997 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na dola 6,748 kwa wa miaka 6 hadi 17. Kwa watoto wawili kama wale wa jirani yangu, ni zaidi ya dola 1,200 kila mwezi. Hakuna maharage yatakayoziba pengo hilo.

Wao walijaribu kuliziba kwa mkopo wa dukani, ule wa kulipwa siku ya mshahara. Sheria inaruhusu maduka hayo yatoze hadi dola 14 kwa kila 100, kwa hiyo anayekopa 500 anarudisha 570 baada ya wiki mbili, na mshahara unaofuata unaanza ukiwa na tundu. Nawasihi, msiingie humo kabla ya kufungua barua zenu.

Fomu hiyohiyo inafungua na milango mingine. Mpango wa serikali wa matibabu ya meno, kwa familia zisizo na bima ya meno na zenye mapato chini ya dola 90,000, huangalia fomu hizo. Vilevile Canada Learning Bond: mtoto wa familia ya kipato kidogo, aliyezaliwa mwaka 2004 au baadaye, anaweza kuwekewa hadi dola 2,000 za masomo, na mzazi hatakiwi kuchangia chochote. Anachotakiwa ni kumfungulia mtoto akaunti ya akiba ya elimu.

Wala usimlipe mtu kukujazia kama mambo yako ni mepesi. Kila mwaka, hasa Machi na Aprili, kuna wenzetu wa kujitolea wanaowajazia bure watu wa kipato cha chini, kwenye maktaba, makanisa na vituo vya wageni. Uliza maktaba ya karibu. Na kama tarehe imekupita, jaza hivyohivyo. Jirani yangu alipeleka fomu ya mama Novemba, na malimbikizo yakaja.

Sasa nageukia ninyi mnaosoma Kiingereza au Kifaransa bila shida. Kwenye msiba tunachangishana usiku huohuo, harusi tunaibeba pamoja. Barua za serikali tumemwachia kila mtu na aibu yake. Jumapili baada ya ibada, au Ijumaa baada ya swala, tengeni saa moja na meza moja. Mtu aje na bahasha zake, asomewe kwa Kiswahili, siri yake itunzwe.

Na wewe mama uliye nyumbani, ambaye jina lako halijawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote ya kodi: mwaka huu liandike, kabla ya tarehe 30 Aprili.