Kabla ya Kuzunguka Morisi kwa Gari, Amueni Nani Atashika Pesa

Sote tunalijua lile kundi la WhatsApp. Hufunguliwa Januari, jina lake lina neno "Safari" na emoji ya ndege, watu wanatuma picha za bichi usiku na mchana, na kufikia Aprili hakuna mtu anaongea. Sisi wanne wa timu inayoandika ukurasa huu tuliamua letu halitakufa. Tulitaka kuzunguka Morisi, au Mauritius kama tiketi ya ndege inavyoandika, kwa gari, siku tano. Tulifika, tukazunguka, na tukarudi tukiwa bado marafiki. Hilo la mwisho lilikuwa karibu kutushinda, na barabara hazikuwa na makosa yoyote. Shida ilikuwa pesa, na hasa mahali tulipoziweka.

Watu wengi hupanga safari kama hii kwa kuanza na ramani, halafu hoteli, halafu gari, na mambo ya pesa yanakuja mwisho. Maoni yetu ni kwamba mpango uanze huko mwisho. Kabla hamjabishana kuhusu bichi gani ni tamu, jibuni swali moja: nani atashika pesa zetu, na yeye akikwama tutafanya nini?

Safari yenyewe si ngumu

Tuanze na habari njema. Morisi ni rahisi kwa Mkenya. Kutoka Nairobi ni kama saa nne angani, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu. Huhitaji kuomba viza kabla ya kusafiri. Utajaza fomu yao ya wasafiri mtandaoni, ubebe kitabu cha chanjo ya homa ya manjano, na uwe na tiketi ya kurudi pamoja na mahali pa kulala. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 65 hivi na upana wa kilomita 45, kwa hivyo hata ukipotea hujapotea sana.

Uwanja wa ndege uko kusini mashariki, karibu na mji wa Mahébourg. Tulizunguka tukifuata mwendo wa saa. Siku ya kwanza tulibaki hapo hapo, tukaogelea Blue Bay na kulala mapema. Siku ya pili tulipita pwani ya kusini, tukasimama Gris Gris karibu na Souillac, mahali ambapo hakuna mwamba wa matumbawe wa kuzuia mawimbi na bahari inapiga kwa hasira, kisha tukaendelea hadi Le Morne. Siku ya tatu tulipanda Chamarel kuona ule udongo wa rangi saba, tukapitia msitu wa Black River Gorges na ziwa takatifu la Wahindu la Ganga Talao. Siku ya nne ilikuwa ya Port Louis na bustani ya Pamplemousses, halafu kanisa la paa jekundu la Cap Malheureux kule kaskazini. Siku ya tano tulishuka na pwani ya mashariki kurudisha gari.

Kama mtakata siku, msikate Le Morne. Mlima ule uliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 kwa sababu watumwa waliotoroka walijificha huko juu. Wengi wa watumwa wa kisiwa kile walitolewa Madagaska, Msumbiji na sehemu nyingine za pwani yetu ya Afrika Mashariki. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Februari 1835, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa hadi leo. Ukisimama chini ya lile jabali hutaona tena Morisi kama bichi za fungate peke yake.

Mweka hazina wetu

Sasa tuje kwa kilichotusumbua. Tulianza kuchanga Novemba, Sh10,000 kila mtu kila mwezi, na tukamchagua mmoja wetu atuwekee kwenye laini yake. Tulimchagua kwa sababu ni mwaminifu na hapendi kutumia ovyo. Hakuna kitu tuliandika mahali popote. Kwani tunaandikiana nini na sisi ni marafiki?

Kufikia Aprili alikuwa ametuwekea Sh240,000. Mwezi huo mamake alilazwa ghafla, na hospitali ikataka Sh85,000 kabla ya upasuaji. Yeye mwenyewe alikuwa amechanga Sh60,000. Saa tano usiku, pesa ziko kwenye simu mkononi, mamake yuko kwenye machela. Akalipa. Hizo Sh25,000 za juu zilikuwa zetu.

Hakutuambia kwa wiki mbili. Tulijua siku tuliyotaka kulipia tiketi, alipoanza kusema tungoje kidogo bei ishuke. Bei haikushuka. Tulipokuja kulipa Juni, baada ya yeye kurudisha kila shilingi kupitia mkopo wa sacco, tiketi ilikuwa imepanda kwa Sh6,000 kila mtu.

Zile wiki mbili ndizo zilituumiza wote. Sisi tulikuwa tunanong'onezana. Yeye alikuwa anakula lunch peke yake. Tulipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu, "Niliogopa mtaniona mwizi." Na ukweli ni kwamba kuna mmoja wetu alikuwa ameshaanza kumuona hivyo.

Tumelifikiria sana jambo hili, na tumefika mahali ambapo hatumlaumu. Kosa lilikuwa letu sote. Tulimpa mtu mmoja kazi ya benki bila kumpa kanuni za benki, halafu tukashangaa alipofanya kile ambacho mtoto yeyote angefanyia mamake. Watu husema mchague mtu mwaminifu. Sisi tunasema uaminifu hautoshi kama hujaamua mapema nini kitatokea siku ya dharura. Mtu mwaminifu pia ana mama.

Tunavyofanya sasa

Kwanza, kila mtu anajilipia tiketi yake ya ndege. Hiyo peke yake inaondoa karibu nusu ya pesa kwenye mfuko wa pamoja, na mtu akijiondoa hajavuruga wengine.

Pili, mfuko wa pamoja ni wa gari, mafuta na malazi pekee, na haukai kwenye laini ya mtu. Tumefungua akaunti ya chama ambayo watu wawili lazima waidhinishe kabla pesa hazijatoka. Inachosha kidogo, ndiyo. Pia inamlinda mweka hazina, kwa sababu hakuna siku atabaki peke yake na uamuzi kama ule.

Tatu, na hii ndiyo muhimu zaidi kwetu, tuliandika kwamba mwanachama akipata shida anaweza kutoa mchango wake mwenyewe kwa kutuma ujumbe mmoja. Hatoi maelezo na hakuna mtu anamuuliza. Akihitaji zaidi ya alichochanga, anasema, na wengine wanajibu siku hiyo hiyo kama wanaweza kumkopesha. Kama kanuni hii ingekuwepo Aprili, tungempa zile Sh25,000 usiku ule ule na hakuna mtu angekula lunch peke yake.

Simu yako haitalipa kila kitu

Sisi tunafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, kwa hivyo mtatushangaa tukisema hivi: ukifika Morisi, usitegemee pochi yako ya simu ya Kenya. Muuza dholl puri, ile chapati laini yenye dengu ndani inayouzwa barabarani, anataka rupia za noti. Kaunta ya gari inataka kadi.

Tena si kadi yoyote. Kampuni ya kukodisha gari huzuia kiasi fulani kwenye kadi ya mkopo ya dereva kama dhamana hadi gari lirudi salama. Dereva wetu, aliyejisifu miezi kumi, alikuja na kadi ya kawaida ya benki, ile ya kutolea pesa ATM, na ikakataliwa. Mtu pekee kati yetu aliyekuwa na kadi ya mkopo na leseni alikuwa mweka hazina wetu, ambaye Nairobi huendesha Jumapili tu wakati barabara ni tupu. Akatuendesha siku zote tano, kwenye barabara nyembamba zenye miwa pande zote mbili, na hakugusa hata ukuta mmoja. Lakini tungeuliza swali moja kwa barua pepe kabla ya kusafiri, tusingemtia kwenye presha ile.

Kwa hivyo kabla ya kulipia gari, ulizeni mambo haya na mpate jibu kwa maandishi: wanataka kadi gani na iwe ya jina la nani, watazuia kiasi gani, bima inaacha nini juu yenu, na kama leseni ya Kenya inatosha au wanataka pia kibali cha kimataifa cha kuendesha. Pesa iliyozuiwa bado ni yako, lakini huwezi kuilalia hotelini. Ihesabuni kama haipo.

Kuna mengine matatu madogo. Washa roaming kabla ya kupanda ndege, maana benki ikituma namba ya siri ya kuthibitisha malipo kwa SMS na laini yako imezima, kadi hiyo ni kipande cha plastiki. Mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa rupia au kwa pesa ya kwenu, chagua rupia. Ukichagua ya kwenu, wenye mashine ndio wanakupangia bei ya kubadilisha, na mara nyingi haikufai. Na kabla hujatuma deposit kwa mtu yeyote aliyekupa "ofa ya Morisi" mtandaoni, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Kampuni ya utalii inayodai pesa kwa nambari ya mtu binafsi ina maswali ya kujibu, na hapa Kenya kampuni za utalii zinapaswa kuwa na leseni ya Tourism Regulatory Authority. Omba kuiona.

Na mkopo je?

Tutasema wazi: usikope kwa simu ili uende kuona bichi. Mkopo wa simu ni wa siku chache na una gharama zake, na safari haikuletei pesa ya kuulipa. Kama mchango wa kila mwezi unakulemea, sogezeni tarehe. Morisi haiendi popote. Epukeni tu Novemba hadi Aprili, msimu wa vimbunga, kama hamtaki safari yenu ifungiwe hotelini. Sisi tulienda Septemba, upepo ulikuwa mwingi na jioni zilikuwa baridi, lakini mvua haikutusumbua.

Tunajua kuna watakaosema tunaua raha. Safari ni kujiachilia, mtu anaamka na kufuata barabara. Tunakubali, na siku ya tatu tulifanya hivyo hasa. Tulikaa Chamarel masaa mawili zaidi ya mpango kwa sababu hakuna mtu alitaka kuondoka. Tuliweza kwa sababu mafuta, malazi na chakula cha siku zilizobaki vilikuwa vimeshahesabiwa, na hakuna aliyekuwa anaangalia salio kwa kificho. Mtu anayehofia pesa hajiachilii. Anakaa kiti cha nyuma akipiga hesabu.

Kwa hivyo kama kundi lenu la WhatsApp bado liko hai, usitume picha nyingine leo. Tuma maswali matatu: pesa zitakaa wapi, nani wawili wataidhinisha, na mmoja wetu akipata dharura atatoa vipi mchango wake? Mkishakubaliana kwa maandishi, endeleeni na picha za bichi. Ya Le Morne iwe ya kwanza.