Kabla hujakopa ununue cherehani ya kompyuta, zungusha kwanza vile vidude viwili

Wauza nguo wa mtandaoni, leo naongea na nyie. Hasa nyie mnaoshona wenyewe, mnapiga picha, mnaweka stetasi "mzigo mpya, bei inboksi".

Msimamo wangu nausema mapema, anayetaka kubisha abishe akiwa amesoma. Kama unashona mashati matano mpaka kumi kwa wiki, cherehani ya kawaida ya zigizaga, ile ya kuzungusha vidude kwa mkono, inakutosha kutoboa matundu ya vifungo. Kukopa ununue mashine ya kompyuta kwa ajili ya matundu tu ni kujitafutia deni. Na kupeleka kila shati kwa mwenye mashine ya vifungo ni hela inavuja huku unaiangalia.

Kwa nini nimelishikia bango hili? Hapa Kibirizi maisha yanaenda na ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Miezi mitatu. Mama aliyezoea kuanika dagaa mwaloni anafanya nini miezi mitatu? Wengine waliingia kwenye nguo: vitenge vipo, cherehani ya mama mkwe ipo kona, simu ipo. Mashati ya kitenge yanauzika Kasulu, yanauzika Tabora, na yanapanda boti kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga kule karibu na mpaka wa Burundi. Lakini wengi niliowaona wakikwama hawakukwama kwenye kola wala mkono. Walikwama kwenye tundu la kifungo, sehemu yenye urefu wa sentimita moja na nusu.

Tupige hesabu ya mfano, weka bei za kwako. Shati la mikono mirefu lina matundu kama tisa: kola moja, mbele sita, mikono miwili. Tuseme mwenye mashine ya vifungo Mwanga anachukua sh 100 kwa tundu, na bodaboda kwenda na kurudi sh 2,000. Ukipeleka shati moja umetumia sh 2,900. Ukisubiri yafike matano, ni sh 4,500 za matundu na sh 2,000 za bodaboda, yaani sh 1,300 kwa kila shati. Nafuu, sivyo? Lakini mteja wa shati la kwanza amesubiri mpaka hilo la tano liishe, na huyo ndiye anayekuandikia "dada vipi mzigo wangu" saa nne usiku. Boti ikishaondoka imeondoka.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe.

Zile Singer nyeusi na Butterfly za kukanyaga zilizojaa kwenye baraza za mafundi kuanzia Ujiji mpaka mjini, nyingi zinashona mstari mmoja tu ulionyooka. Sindano inapanda na kushuka, haiendi pembeni. Kwa hiyo usimlaumu fundi wako akikwambia hatoboi vifungo. (Kuna kifaa cha kufunga kwenye mashine hizo, kinayumbisha kitambaa badala ya sindano. Ukikipata kizima, kikumbatie.) Mashine ya zigizaga ndiyo inayoyumbisha sindano kushoto na kulia. Na wala si teknolojia ya jana: Helen Blanchard, mwanamke wa Marekani, alipata hataza ya cherehani ya zigizaga mwaka 1873. Nawatajia makusudi, maana kuna watu wanadhani tundu la kifungo lilikuja na kioo cha kubonyeza.

Tundu la kifungo ni zigizaga iliyobanana. Pande mbili nyembamba, ncha mbili pana, basi. Na kila kitu kinatoka kwenye vidude viwili: cha urefu wa mshono na cha upana.

Cha urefu ndicho kinachoua watu. Mshono wa kawaida unaweka kama 2.5. Kwa tundu unashuka mpaka kati ya 0 na 1, karibu 0.3 hadi 0.5. Mashine nyingi zina alama ndogo ya tundu au rangi tofauti kwenye eneo hilo, itafute. Ukifika 0 kabisa, meno ya chini hayasukumi kitambaa, sindano inapiga palepale mpaka uzi unafanya uvimbe. Ukizidisha kuelekea 1, uzi unaachana na kitambaa kinaonekana katikati. Angalia tofauti: upande wa milimita 15 ukiweka 0.5 unapata mapigo 30 ya sindano, ukiweka 0.3 unapata 50. Kidole kimesogea kidogo sana, lakini tundu moja ni la duka na jingine ni la kujifunzia. Ndiyo maana mimi sisemi "weka namba fulani". Namba ya mashine yangu si ya mashine yako, na namba ya kitenge si ya tetroni ya sare za shule. Anza 0.5, shuka polepole mpaka nyuzi zilale ubavu kwa ubavu bila kupandana, kisha weka alama ya kalamu hapohapo kwenye kidude. Alama hiyo ni mtaji.

Cha upana ni rahisi ukikielewa. Tuseme mashine yako mwisho wake ni 4. Pande mbili zinagawana hiyo 4. Watu wanaweka 2 kamili kila upande, halafu wanashangaa wembe hauna pa kupita, wakikata wanakata uzi. Shuka kidogo chini ya 2, ibaki njia nyembamba katikati. Zile ncha ndizo unazipa 4 yote, mapigo matano au sita, huku urefu ukiwa 0 ili kitambaa kisisogee. Ncha hizo ndizo zinazozuia tundu lisichanike shati likifungwa na kufunguliwa kila siku.

Mashine nyingi zina na kidude cha tatu, cha kupeleka sindano kushoto, katikati au kulia. Na nyingi zina tundu la hatua nne lililojengwa ndani: unazungusha 1 inashona upande mmoja, 2 inafunga ncha, 3 inashona upande wa pili, 4 inafunga ncha ya mwisho. Inarahisisha, sikatai. Lakini ina tabia moja wauzaji wa mashine hawaisemi. Upande mmoja unashonwa kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma, na meno hayasukumi sawasawa pande zote mbili. Unapata upande mmoja umebanana, wa pili umeachia. Hapo ndipo mtu anasema mashine mbovu. Si mbovu. Tafuta skurubu au kidude kidogo cha kusawazisha, mara nyingi kipo karibu na kile cha urefu, kigeuze kidogo na ujaribu tena kwenye kipande.

Kama mashine yako haina kisawazishi, au hiyo hatua ya 3 imekataa kutulia, tumia njia ya kugeuza kitambaa. Mimi naipenda kuliko zote. Peleka sindano kushoto, upana chini kidogo ya 2, shona upande wa kwanza mpaka mwisho wa alama. Sindano ibaki imezama upande wa kulia, yaani upande wa ndani. Inua kiguu, zungusha shati zima nusu duara, teremsha kiguu. Piga pigo moja, inua sindano, weka upana 4 na urefu 0, funga ncha. Rudisha upana na urefu pale pa mwanzo, shona upande wa pili, malizia ncha ya mwisho. Pande zote mbili zimeshonwa kwenda mbele, kwa hiyo zinafanana bila skurubu yoyote. Ubaya wake ni kugeuza shati zima chini ya mashine mara tisa, na kwenye koti zito utachoka. Kwa shati la kitenge, hakuna shida.

Mengine nayapitia haraka. Urefu wa tundu ni upana wa kifungo pamoja na unene wake: kifungo cha milimita 12 chenye unene wa 3, tundu 15. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, uzi wa bobini usichomoze. Bandika kitambaa kigumu kwa pasi kwa ndani, bila hicho kitenge chepesi kinakunjamana na utamlaumu asiyehusika. Jaribu kwenye kipande chenye tabaka zilezile za shati, siyo tabaka moja. Kwenye kukata, choma pini kabla ya kila ncha ili wembe ugonge pini usipite. Nimeona shati lililoshonwa siku nzima likiharibika sekunde ya mwisho kwa kukosa pini ya shilingi chache.

Najua hoja ya upande wa pili. Mashine ya kompyuta inatoa matundu tisa yanayofanana kama mapacha, unabonyeza tu. Kweli. Na ukipata oda ya sare mia moja za shule, usijitese, peleka kwenye mashine ya vifungo, hapo bei ya tundu inalipa. Lakini wengi wetu hatuna oda ya mia moja, tuna oda ya "naomba mbili za majaribio". Halafu kuna umeme. Kigoma iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya taifa kutufikia, tunaujua mwanga unaocheza. Mashine ya vidude ikipatwa na shida, fundi wa mtaani anaifungua. Na ile ambayo gurudumu lake lina njia ya mkanda unaweza kuifunga kwenye meza ya kukanyaga ukaendelea kushona gizani na taa ya sola. Bodi ya kompyuta ikiungua, unaipeleka wapi? Dar?

Sasa faida ambayo nyie wa mtandaoni mnaiacha. Mteja hashiki nguo, anaangalia picha. Kila mtu anaweka picha ya shati zima limetundikwa ukutani, na kila shati la kitenge likitundikwa ukutani linafanana na la mwenzako. Piga picha ya karibu ya tundu moja, kifungo kikiwa nusu kimeingia. Au video ya sekunde kumi, mkono unafunga na kufungua. Mteja aliyewahi kupokea shati lenye tundu linalochanika ataelewa bila wewe kuandika "quality". Ila usipige picha ya tundu zuri la shati la sampuli ukatuma lingine. Mzigo wa kurudishwa kwa basi kutoka Tabora unakula faida yako yote, na wa ng'ambo haurudi kabisa, kinachorudi ni jina lako likiwa limechafuka kwenye kundi la WhatsApp.

Mkinunua mashine ya mtumba, nendeni na vipande vyenu vya kitambaa na bobini yenye uzi. Zungusha kidude cha urefu kutoka 1 kwenda 0 polepole huku mashine inatembea. Kitambaa kinatakiwa kipunguze mwendo kidogo kidogo na mwisho kisimame. Kikiruka ghafla, au kidude kikawa kigumu, mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda ndani. Inasafishika kwa mafuta na subira, usilazimishe kwa koleo, lakini bei ishuke. Kisha toboa tundu moja mbele ya muuzaji, ulikate hapohapo, upitishe kifungo chako. Akikwambia "dada hiyo utajaribu nyumbani", mwachie mashine yake.