Twende Hija na Vidonge Vyetu



Jumapili moja baada ya Misa, hapa Pongwe, mama mmoja alitoa mkobani karatasi ya rangi yenye picha za makanisa makubwa. Ilitangaza safari ya hija ya Ulaya: Roma, Fatima, Lourdes. Tuliipokezana chini ya mwembe kama picha za harusi. Kisha mmoja wetu akasoma bei kwa sauti, na karatasi ikarudi mkobani. Nauli ile ingesomesha watoto watatu sekondari ya bweni na chenji ingebaki. Ndipo bibi mmoja, mwana-WAWATA wa siku nyingi, akasema, "Wanangu, kuna Lourdes ya Bagamoyo. Nauli ya huko mnayo."

Hakuwa anatania. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, miaka kumi tu baada ya Bikira Maria kumtokea binti Bernadette kule Lourdes, Ufaransa. Mwaka 1876, watu waliokombolewa utumwani walijenga pale misioni pango la Mama Maria kwa mfano wa lile la Lourdes. Fikirini: watu waliokwisha kufungwa minyororo, wakibeba mawe kwa hiari yao wenyewe.

Basi tukachanga kidogo kidogo kila mwezi, tukashona sare, tukakodi basi. Tuliondoka Pongwe saa kumi alfajiri, tukapita Muheza, Segera, Mkata na Wami, na pale Msata tukakata kushoto kuelekea pwani. Rozari ilisaliwa njia nzima. Maji hayakunywewa. Mnajua wenyewe, wanawake wengi hatunywi maji safarini kwa kuogopa kumsumbua dereva asimame.

Bagamoyo ina mengi ya kuona kwa mtu mwenye utulivu. Tuliuona msalaba wa ufukweni, tukapita njia yenye miembe pande mbili, tukafika kwenye kanisa la zamani ambamo mwili wa Dr. Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya kubebwa na watumishi wake kutoka bara. (Katika msafara ule walikuwamo wanawake pia, mmoja wao Halima, mpishi. Huyo hatajwi sana.) Tuliuona mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome, husimuliwa kuwa Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa, ndiye aliyemfungia punda wake hapo. Sisi tuliotumia maisha wodini tulikaa zaidi makaburini. Wamisionari wengi pale walikufa vijana, na homa ndiyo iliyowamaliza wengi wao.

Ilikuwa saa saba mchana tulipofika pangoni. Katikati ya litania, mama mmoja wa jumuiya yetu akakaa chini ghafla. Alisema kichwa kinampasuka. Tulipomwuliza jina la mtoto wake wa mwisho, ulimi ulikuwa mzito na mdomo umekwenda upande. Kipimo cha presha kilisoma 210 kwa 120.

Tulimfungua mkoba kutafuta dawa zake, kwa maana tulijua anahudhuria kliniki ya presha. Mlikuwa na rozari, kanga, na dumu tupu la lita tano la kuchukulia maji ya baraka. Vidonge havikuwamo. Alikuwa ameviacha tangu siku tisa zilizopita, akifanya novena. Alikuwa amepatana na Mama Maria, yeye na Mama Maria tu, mumewe hakujua.

Tulimkimbiza hospitali. Mumewe alifika kesho yake kwa basi, ameshika mfuko wa plastiki wenye vidonge alivyovikuta chini ya godoro. Alitusalimia kwa adabu, kisha akauliza, "Mama nesi, mke wangu mlimpeleka kuombewa au kuzikwa?"

Tulikosa jibu, na hadi leo hatuna zuri. Tulikagua basi, vyakula, bendera, hata rangi ya vilemba. Hatukumwuliza hata mmoja kama amechukua dawa zake. Na kazi hii ya uuguzi tunaifanya miaka mingi.

Jioni ile mgonjwa alipoweza kusema vizuri kidogo, naye alituuliza swali lake: "Nilikosa imani, au nilikosa akili?" Hatukumhubiria. Tulimsimulia habari za Bernadette mwenyewe, na tunawasimulia na ninyi.

Alikuwa binti wa miaka 14, wa familia maskini iliyoishi katika chumba kilichokuwa zamani jela. Tarehe 11 Februari 1858 alikwenda kutafuta kuni, kama mabinti zetu wanavyokwenda, ndipo akatokewa. Siku chache baadaye alifukua ardhi kwa mikono pale pangoni, ikatoka chemchemi ambayo watu wanaisafiria hadi leo. Lakini yeye alikuwa na pumu tangu utoto na haikumtoka. Mwaka 1866 alijiunga na utawa huko Nevers, na huko alipewa kazi ya kuwahudumia masista wagonjwa. Naam, alikuwa mwenzetu wa wodini. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879, akiwa na miaka 35, na Lourdes hakurudi tena. Nani atasema Bernadette alikosa imani?

Tena, kule Lourdes kwenyewe daktari hafukuzwi. Tangu mwaka 1883 kuna ofisi ya madaktari. Anayesema amepona hupimwa, vyeti vyake vya zamani husomwa, naye hufuatiliwa kwa miaka. Husemwa ni muujiza pale tu madaktari wanaposhindwa kueleza uponyaji huo, naye askofu akatamka. Kati ya watu zaidi ya 7,000 waliodai kupona, hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua 70 tu. Wala tusisahau Yoshua bin Sira, sura ya 38, anavyomheshimu tabibu na dawa itokayo ardhini.

Mama yule alisikiliza, akasema, "Kumbe hata yeye." Akageukia ukutani akalala.

Sasa, wenzetu, tuseme wazi. Presha haiumi, ndiyo maana mtu hudhani imekwisha. Dawa zake huishikilia tu. Ukiziachia, inapanda tena. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokatika. Mwenye kuchoma sindano ya sukari asifunge kula bila kuongea na daktari wake, na mkobani awe na kitu kitamu cha kumwokoa sukari ikishuka. Mtoto mwenye selimundu anywe maji njia nzima, na dereva asimamishwe mara ishirini kama ni lazima. Padre hatakasirika.

Na wewe unayetumia dawa za kufubaza virusi, tunajua hofu yako ni lile kopo kuonekana na wenzako mnaolala chumba kimoja. Hamishia dozi za safari kwenye kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko, kisicho na maandishi, ufunge kwenye pindo la kanga. Ukimeza, umemeza vidonge vyako. Hakuna mwenye haki ya kuuliza. Ila usiruke hata siku moja.

Mama yetu alirudi Pongwe. Mkono wa kushoto bado ni dhaifu. Akisonga ugali binti yake humshikia sufuria. Hana kinyongo na Mama Maria wala na sisi, na tumeshangaa: ameandikisha jina tena kwa safari ya mwaka huu, safari hii pamoja na mumewe.

Basi litaondoka saa kumi alfajiri kama kawaida. Tutasimama mlangoni na daftari. Kila mwenye kadi ya kliniki atatuonyesha dawa zake kabla ya kupanda, faraghani, nyuma ya kanisa. Baba yule ndiye aliyejitolea kushika tochi.